Kichanja cha vyombo vya muziki cha fimbo za tredi: uzito hausumbui, kuyumba ndiko kunakosumbua

SWALI: Mtaalamu, shikamoo. Mimi ni kijana wa Tabora mjini. Marehemu baba, aliyekuwa mfanyakazi wa reli, ametuachia amplifaya ya kilo 14, pleya ya santuri, deki ya kaseti na santuri ndogo zipatazo 120, nyingi zikiwa za bendi za hapa hapa kama Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz. Vyote viko juu ya meza ya kulia chakula, vimebebana. Nimeona picha ya kichanja kilichotengenezwa kwa fimbo nne za chuma zenye tredi, yaani mikunjo kama ya skrubu, na mbao nne, kila ubao umebanwa kwa nati juu na chini. Seremala wa mtaani kwetu anasema tredi haziwezi kubeba uzito huo, nati zitateleza, na kwamba ni bora anitengenezee kabati lenye milango ya kioo. Je, ni kweli? Fimbo za milimita 10 zinatosha? Nitumie mbao gani? Zaidi ya hayo, nyumba yetu iko karibu na reli, na treni ya mizigo ikipita sindano huruka juu ya santuri. Kichanja kitasaidia?

JIBU: Marahaba, mwanangu, na pole kwa kuondokewa na mzazi. Nitaanza na seremala wako, kwa sababu hofu yake inaeleweka ingawa ameielekeza mahali pasipostahili.

Fimbo ya chuma cha kawaida yenye unene wa milimita 12, iliyosimama wima na kushikwa na mbao kila baada ya robo mita, hubeba zaidi ya tani moja kabla haijaanza kupinda. Kichanja chako chote, pamoja na mbao zake, amplifaya, deki, pleya na santuri, hakitazidi sana kilo 60, na uzito huo utagawanywa kwa miguu minne. Kila mguu utabeba kilo 15 au 16, yaani mzigo mdogo kuliko ndoo ya maji ya lita 20 ambayo mtoto wa darasa la saba huiinua. Nati nayo haitelezi kwenye tredi kwa sababu ya uzito unaokaa juu yake; mteremko wa tredi ni mdogo mno na msuguano wa chuma kwa chuma ni mkubwa kuliko nguvu inayotaka kuizungusha. Kinacholegeza nati ni mtikisiko wa muda mrefu na mbao zinazosinyaa, na kwa hayo mawili ipo dawa yake, nitaieleza mbele.

Tatizo la kweli la kichanja cha namna hii ni kuyumba kwa ubavu. Kabati la seremala lina mgongo wa plaiwudi na mbavu za mbao zinazozuia pembe zake zisigeuke, lakini kichanja cha fimbo hakina mgongo wala mbavu. Kinachokizuia kisiyumbe ni ugumu wa fimbo zenyewe na jinsi nati zilivyoubana ubao. Hapa unene wa fimbo una maana kubwa kuliko watu wanavyodhani. Ugumu wa fimbo dhidi ya kupinda huongezeka kwa kipeo cha nne cha unene wake, kwa hiyo fimbo ya milimita 16, ambayo kwa macho inaonekana nene kidogo tu kuliko ya 12, ni ngumu mara tatu na zaidi. Ukilinganisha ya 16 na ya 10 uliyoitaja, tofauti inafika mara sita na nusu. Urefu wa kipande kilicho wazi kati ya rafu na rafu una ukali wake pia: ukiuongeza mara mbili, kichanja huyumba mara nane zaidi.

Hili nililijua kwa aibu. Kichanja changu cha kwanza nilikijenga Kigoma kwa fimbo za milimita 8, kwa sababu ndizo nilizozikuta dukani siku ile, na nikaacha nafasi ya sentimita 40 kati ya rafu ili kionekane chepesi na cha kupendeza. Kilibeba kila kitu bila taabu. Lakini kila nilipokigusa kuweka santuri, rafu ya juu ilikwenda huku na huku kama mtumbwi uliofungwa gatini jioni upepo wa ziwa unapoanza, na sindano ikafuata mwendo huo. Nilikivunja baada ya wiki mbili.

Kwa hiyo, jibu la swali lako la pili ni hapana, milimita 10 hazikufai. Mtu mwenye redio na amplifaya peke yake angeweza kutumia 12 na akaishi kwa amani, lakini wewe una pleya ya santuri na una reli jirani, kwa hiyo nunua za milimita 16. Huuzwa kwa urefu wa mita moja katika maduka ya vifaa vya ujenzi, nne zinakutosha. Chagua zilizopakwa zinki, zile nyeupe zinazong'aa, kwa kuwa nyeusi hupata kutu mapema na kutu huchafua mbao.

Kuna mtego mmoja dukani ambao umewapotezea watu wengi fedha. Zipo fimbo za vipimo vya mita na zipo za vipimo vya inchi, na fimbo ya inchi tano kwa nane ina unene wa karibu milimita 15.9, hivyo kwa macho huwezi kuitofautisha na ya 16. Tredi zake lakini si sawa: ya mita hupanda milimita 2 kwa kila mzunguko, ya inchi hupanda 2.3. Nati ya moja ikiingizwa kwenye nyingine huenda mizunguko miwili au mitatu kisha ikakwama, na mwenye haraka akiilazimisha kwa spana huharibu zote mbili. Nunua fimbo na nati duka moja, siku moja, na kila nati uijaribu kwa mkono kabla hujalipa. Muuzaji akinuna, mwache anune. Unahitaji nati 32 kwa rafu nne, yaani mbili kwa kila kona ya kila rafu, na washa 32 pana, vile visahani vya chuma vyenye tundu vinavyokaa kati ya nati na ubao. Ongeza tatu au nne za akiba, kwa sababu nati ina tabia ya kubingirika chini ya kochi. Spana ya nati hizi ni namba 24, na utahitaji mbili, kwa kuwa moja hushika nati ya chini wakati nyingine inakaza ya juu.

Sasa mbao. Unaishi Tabora, katikati ya misitu ya miombo, na unaniuliza utumie mbao gani! Mninga ndio mti wa kazi hii, na sisemi hivyo kwa upendeleo wa nyumbani. Sifa yake kubwa kwa seremala ni utulivu: husinyaa na kutanuka kidogo kuliko mbao nyingi hali ya hewa inapobadilika, na Tabora hali ya hewa hubadilika hasa, kutoka kiangazi kikavu cha Julai hadi mvua za Desemba. Kiini chake, ile sehemu ya kahawia, mchwa hawaipendi sana, lakini ile mbao nyeupe ya pembeni karibu na gome huliwa na wadudu, kwa hiyo usikubali ubao wenye ukingo mweupe hata kama umepunguziwa bei. Vumbi lake huwasha pua na wapo watu ambao huwaletea kifua. Vaa barakoa unapopiga msasa. Nunua kwa mfanyabiashara mwenye kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu na akupe risiti, kwani mninga usio na karatasi unaweza kukuletea maneno barabarani.

Msonobari unafaa kama fedha ni chache. Ni mwepesi na laini zaidi, hivyo washa huzama ndani yake nati inapokazwa, na itakubidi utumie washa pana zaidi na ubao mnene zaidi. Plaiwudi nzuri ya milimita 18 ikigundishwa mbili pamoja hutoa rafu ya milimita 36 isiyopinda kabisa. Zile mbao za unga wa mbao ulioshindiliwa sizipendi kwa kazi hii; zikipata maji ya kusafishia sakafu huvimba, na tundu lililo karibu na ukingo humeguka.

Ukishachagua mninga, hakikisha umekauka. Hili ndilo jambo ambalo mafundi wetu hulipuuza kuliko yote, na ndilo linalofanya meza nzuri ipasuke katikati mwezi wa Agosti. Njia rahisi ya kupima ni mizani ya muuza duka. Pima ubao mmoja, andika uzito wake kwa penseli ubavuni, uhifadhi mahali penye kivuli na upepo huku kila ubao ukitenganishwa na mwenzake kwa vijiti, kisha upime tena kila wiki. Uzito ukiendelea kushuka, bado mbichi. Uzito ukisimama wiki tatu mfululizo, ubao umezoea hewa ya nyumba yako na unaweza kuufanyia kazi.

Vipimo ninavyokupendekezea ni rafu nne zenye upana wa sentimita 60, kina cha sentimita 45 na unene wa sentimita 3 baada ya kupiga randa. Vyombo vingi vya muziki vya nyumbani vina upana wa sentimita 43 au 44, kwa hiyo matundu ya fimbo yakiwa sentimita 5 kutoka kila ukingo, katikati ya fimbo na fimbo kutakuwa na sentimita 50 kwa upana, na hata ukiondoa washa utabaki na nafasi ya kutosha kuviingiza. Ubao wa sentimita 45 kwa kina hautaupata wa kipande kimoja. Seremala ataunganisha viwili au vitatu kwa gundi ya mbao na kuvibana kwa klempu usiku kucha. Mwombe ageuze mistari ya miaka ya mti, ubao mmoja ukitazama juu na wa jirani ukitazama chini, ili ukitaka kukunjamana mmoja uvutwe na mwenzake.

Kuhusu unene usibanie. Ugumu wa ubao huongezeka kwa kipeo cha tatu cha unene, hivyo ubao wa sentimita 3 ni mgumu mara tatu na zaidi kuliko wa sentimita 2, na ubao ukipinda katikati nati za kona nazo hulala upande na fimbo hazisimami tena wima.

Kazi inayoamua kama kichanja kitasimama sawa ni kutoboa. Usipime na kutoboa kila rafu peke yake, maana hata ukiwa mwangalifu kiasi gani utakosea milimita moja hapa na mbili pale, na fimbo itapita rafu ya kwanza na ya pili kisha ikataka kugombana na ya tatu. Zipange rafu zote nne moja juu ya nyingine, zilinganishe kingo kwa gonia, weka kipande cha ubao usio na kazi chini kabisa ili tundu la mwisho lisichanike, zibane zote kwa klempu, halafu toboa kwa pamoja. Kama drili yako ni ya mkono na biti haifiki chini, toboa rafu ya juu kwanza na uifanye kiolezo cha nyingine. Mimi ningezipeleka kwenye karakana yenye drili ya kusimama, ambayo biti yake hushuka wima bila kuyumba, na kulipa kidogo kwa matundu kumi na sita kuliko kujuta. Alama ya pembe ya mbele kushoto iandike kwenye kila rafu kabla ya kuzitenganisha, ili zirudi kama zilivyotobolewa.

Biti iwe ya milimita 18, si 16. Watu hudhani tundu la kubana ndilo litakalozuia kuyumba, kumbe kinachoishika fimbo ni nati na washa, si kuta za tundu. Nafasi ile ya milimita moja kila upande huuachia ubao utanuke wakati wa mvua bila kuzipindisha fimbo.

Kabla ya kuziunganisha, paka vanishi pande zote mbili za kila rafu, pamoja na kingo na ndani ya matundu. Ukipaka juu tu kwa kuwa ndiko kunakoonekana, upande wa chini utanyonya unyevu peke yake na ubao utajikunja kama ganda la maharage. Fimbo nazo zifute kwa petroli au thina na kitambaa hadi zisiache tena weusi, maana hutoka kiwandani na mafuta, na mafuta hayo yakigusa mninga hayatoki.

Urefu wa fimbo kwa vyombo vyako ni sentimita 87. Hesabu yake ni hii: sentimita 6 za mguu, kisha rafu ya kwanza, halafu nafasi ya 27 ya amplifaya, rafu ya pili, nafasi ya 22 ya santuri, rafu ya tatu, nafasi ya 18 ya deki ya kaseti, rafu ya nne ambayo juu yake hukaa pleya, na sentimita 2 za washa na nati ya juu kabisa. Santuri zako ndogo za mizunguko 45 zina jalada la sentimita 18 hivi, kwa hiyo zitasimama vizuri kwenye hizo 22. Ukija kupata santuri kubwa, hizo hutaka nafasi isiyopungua 34 na itabidi uzitafutie mahali pengine. Ukikata fimbo kwa msumeno wa chuma, kwanza ingiza nati mbili zipite mahali utakapokata. Ukishakata, lainisha ncha kwa tupa, kisha zizungushe nati hizo zitoke kupitia ncha mpya. Zikitoka zitazinyoosha tredi zilizopondwa na msumeno.

Nimeiweka amplifaya chini kabisa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni uzito, kwani kizito kikiwa chini kichanja hakipinduki kwa urahisi. Ya pili ni transfoma yake. Transfoma ya amplifaya hutoa uga wa sumaku unaokwenda na umeme wa hezi 50, na kichwa cha sindano ya pleya ni koili ndogo sana ambayo kazi yake ni kunasa mabadiliko ya sumaku. Ukiviweka karibu, utasikia mvumo mzito kwenye spika hata santuri ikiwa imesimama. Rafu tatu za umbali zinautuliza. Ila pima kwanza waya wa pleya yako, kwa kuwa nyingi zina waya wa mita moja au zaidi kidogo tu, na kutoka rafu ya juu hadi nyuma ya amplifaya ni sentimita 76 bila kuhesabu mizunguko. Waya ule mwembamba wa tatu usiuache ukining'inia. Unafungwa kwenye skrubu ya nyuma ya amplifaya yenye alama ya ardhi. Usiufunge kwenye fimbo ya kichanja kwa kudhani chuma chochote ni ardhi.

Ile nafasi ya sentimita 27 ni pana kuliko amplifaya yenyewe kwa makusudi. Amplifaya za zamani hugeuza sehemu kubwa ya umeme kuwa joto, na kapasita za ndani, zile zenye kimiminika cha kemikali, hupungukiwa na nusu ya maisha yake kwa kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka. Hii ndiyo sababu nakataa kabati la milango ya kioo. Kwa joto la Oktoba hapa Tabora kabla mvua hazijaanza, amplifaya iliyofungiwa nyuma ya kioo ni chapati kwenye kikaango. Acha sentimita 10 wazi juu yake, na tafadhali mshawishi mama, kwa adabu zote, kwamba kile kitambaa cha kufuma kizuri kilichofunika matundu ya amplifaya kihamie juu ya televisheni au popote pengine. Vumbi litaingia, ni kweli, na vumbi la kiangazi chetu si la mchezo. Kifuniko cha pleya na brashi laini mara moja kwa mwezi vinatosha.

Kuunganisha kunaanzia chini kwenda juu, na nati zote huingia kwa ncha ya juu kwa mpangilio: nati ya chini, washa, rafu, washa, nati ya juu, halafu nati ya chini ya rafu inayofuata. Ukisahau washa moja utafungua kila kitu kilicho juu yake. Kuzungusha nati sentimita 60 kwa vidole ni adhabu. Vumilia, na usiharakishe. Ili rafu zikae sawa bila kuhangaika na rula, kata kijiti chenye urefu kamili wa nafasi unayotaka na ukitumie kupima kona zote nne kabla ya kuiteremsha rafu. Marekebisho ya mwisho yafanye kwa pimamaji iliyowekwa juu ya rafu ya pleya. Hapo tredi ya milimita 2 hukupa raha: nusu mzunguko wa nati ni milimita moja barabara. Kaza hadi washa iguse ubao kila upande, kisha robo mzunguko zaidi. Ukikaza kwa hasira, nyuzi za mbao chini ya washa hupondeka, na mbao iliyopondeka hulegea mapema kuliko ile iliyobanwa kwa kiasi.

Fimbo chache za chuma ukizigonga kwa spana hulia kama kengele ya shule. Wapo wanaosema mlio huo unaharibu muziki wa amplifaya na deki. Sijawahi kuusikia, na sioni njia ambayo ungepitia. Hata hivyo ukitaka, vipande vya mpira wa kumwagilia bustani vilivyopitishwa juu ya fimbo kati ya rafu na rafu huuzima, huficha tredi, na huzuia nguo ya mtu kunaswa. Ni lazima uviingize wakati wa kuunganisha.

Sasa treni. Kichanja kigumu hakizuii mtikisiko unaotoka ardhini. Kinaupandisha hadi juu kama ulivyo, na kilicholegea huuongeza. Faida ya ugumu ni kwamba hatua za watu, mlango unaofungwa na mkono unaoweka santuri havitakisumbua tena, hasa kwa kuwa sakafu zetu ni za saruji na hazidundi kama sakafu za mbao. Mtikisiko wa treni ya mizigo ni wa polepole, na mkono wa sindano una udhaifu wake katika mitikisiko ya kama 8 hadi 12 kwa sekunde. Ukiupata hapo, huruka. Dawa ni kuiweka pleya juu ya kitu kizito kinachoelea juu ya kitu laini, ili kizito kibaki kimetulia wakati kichanja kinatikisika chini yake. Kitu laini ninachokitumia ni tyubu ya baiskeli ndogo ya mtoto, ambayo Tabora haina haja ya kutafutwa. Ijaze upepo kidogo tu, kiasi kwamba ukiibonyeza kwa kidole karibu kikutane na upande wa pili, ilaze juu ya rafu ya nne, kisha weka juu yake kipande cha jiwe la sakafu au zege laini lenye kilo 8 hadi 10, na pleya juu yake. Sogeza jiwe hadi pimamaji litulie. Ukiligusa kwa kidole linapaswa kucheza taratibu, mara mbili tatu kwa sekunde, na kisha kutulia. Likicheza haraka, upepo umezidi. Ukiongeza jiwe hili hesabu ya mzigo inapanda hadi kilo 70 hivi, na fimbo zako hazitajua tofauti.

Spika zisikae kwenye kichanja hata kwa siku moja. Ziweke kwenye stendi zake au ukutani, mbali nacho, vinginevyo besi itarudi kwenye sindano na kupanda yenyewe kuwa mngurumo.

Chini ya kila mguu weka kiduara cha mpira wa tairi. Mafundi wa katambuga sokoni watakukatia vinne kwa bei ya soda. Mguu wa chuma una faida nyingine: mbao yako haigusi sakafu wala ukuta. Mchwa wakitaka kuifikia itabidi wajenge njia ya udongo juu ya fimbo inayong'aa, na utaiona asubuhi unapofagia. Acha basi nafasi ya sentimita 10 nyuma, kati ya kichanja na ukuta, kwa ajili ya nyaya, hewa na jicho lako. Kama kuna watoto wadogo wanaojifunza kusimama kwa kushika vitu, funga rafu ya tatu ukutani kwa vipande viwili vya chuma vyenye pembe na skrubu, hata kama reli itapata njia nyingine ya kuitikisa. Tyubu itashughulika na hilo.

Mwambie seremala wako kwamba kazi ya mbao bado ni yake: kuunganisha, kupiga randa, kupaka vanishi. Mwonyeshe pia hesabu ya kilo 16 kwa mguu. Kisha weka alama kwenye kalenda mwezi wa Julai, kiangazi kinapokuwa kimekausha mbao. Siku hiyo toa santuri, chukua spana zako mbili, na pitia nati zote 32 moja baada ya nyingine. Utakuta nyingi zinakubali robo mzunguko. Mwaka wa pili zitakubali chache tu.